Masjala ya Mlangoni

Mhadhara juu ya anwani za faragha na anwani za hadhara katika intaneti



Nimeitwa kusema juu ya jambo la mitambo, nami naomba ruhusa nianze na jambo la karatasi. Kwa sababu mengi ya yale yanayosemwa leo juu ya intaneti kwa lugha ya kutisha yalikuwa yakitendeka katika ofisi zetu kwa kalamu, wino na gundi, zamani kabla ya kompyuta kuletwa, na msikilizaji aliyepata kuketi kwenye benchi la idara ya serikali akingoja faili lake litafutwe ana elimu ya mambo haya kubwa kuliko anavyojidhania.

Katika idara hiyo, afisa wa chumba cha nyuma alipotaka kuuliza jambo kwa idara nyingine hakuandika barua kwa anwani ya chumba chake, maana chumba chake hakikujulikana na Posta. Aliipeleka barua masjala, na karani wa masjala akaipa namba ya kumbukumbu, akaiandika namba hiyo katika daftari na ubavuni mwake jina la afisa na chumba chake, kisha akaitia barua katika bahasha yenye Sanduku la Posta la idara nzima na kumkabidhi tarishi. Jibu liliporudi, baada ya juma moja au baada ya miezi miwili, lilikuja na maneno tuliyoyazoea: tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. kadha wa kadha. Karani akafunua daftari, akaitafuta namba, akamwona mwenye barua, akamtuma tarishi chumba cha nyuma. Mwandishi wa jibu hakupata kujua kwamba chumba hicho kipo duniani, wala hakuwa na haja ya kujua.

Aliyeifahamu kazi ya karani huyu amekwisha kulifahamu jambo la leo nusu yake, kwani ile inayoitwa tafsiri ya anwani za mtandao, ambayo mafundi huitaja kwa herufi 3, NAT, ni masjala iliyowekwa mlangoni mwa karibu kila nyumba, kila shule na kila kampuni iliyounganishwa na intaneti. Nusu ya pili ni kufahamu kwa nini karani huyu aliajiriwa, amebeba mzigo gani, na ni kitu gani alichotutwalia bila ya yeye kukusudia na bila ya sisi kutambua. Na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Intaneti, ukiivua mapambo yake, ni posta. Kila ujumbe unaopita humo, uwe picha ya mtoto mchanga au hati ya benki, hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba juu yake anwani mbili, ya aliyeituma na ya anayepelekewa. Vituo vya njiani, ambavyo huitwa ruta, husoma anwani ya anayepelekewa, huisukuma pakiti kuelekea kituo kinachofuata, na papo hapo huisahau. Kusahau huko hakukuwa uzembe. Kulikuwa ni shauri lililokatwa kwa makusudi. Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa chuo cha MIT, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1984, walitoa hoja kwamba mambo mengi ambayo mtu angedhani yafanywe na njia hufanywa vizuri zaidi na wale walio kwenye ncha mbili za njia, na kwamba njia yenyewe ni afadhali iwe nyepesi. Ncha zikumbuke, njia isahau: juu ya msingi huu intaneti ilistahimili kukua, kwa sababu kituo kisichokumbuka kitu kinaweza kuharibika na pakiti zikapitia kituo kingine pasipo yeyote kudai daftari lililopotea.

Sasa anwani zenyewe. Katika itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iliyoandikwa rasmi mwezi Septemba 1981, ambayo mtandao wa ARPANET wa Marekani uliihamia tarehe 1 Januari 1983, anwani ilipewa nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 ambazo kila moja ni sifuri au moja. Na kwa hesabu hiyo anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296, haiongezeki hata moja. Idadi hiyo ilikuwa tayari ndogo kuliko idadi ya wanadamu waliokuwa hai siku ilipoandikwa. Walakini tusiwe wepesi wa kuwalaumu wahenga wa mtandao. Vint Cerf, mmoja wa waasisi wake, ameeleza hadharani kwamba walipokata shauri la biti 32 walidhani wanafanya jaribio, na kwamba jaribio hilo halikupata kwisha. Likatoka maabara likaingia mitaani kabla ya mwenye kulijaribu kupata nafasi ya kulirekebisha.

Wenye kutangulia katika karamu walijipakulia kwa sinia. Taratibu za siku hizo ziligawa anwani kwa mafungu 3 ya vipimo, na fungu la kipimo kikubwa lilikuwa na anwani 16,777,216. Chuo cha MIT peke yake kilikuwa na fungu zima la namna hiyo, nacho hakikutangaza kuuza sehemu yake mpaka mwaka 2017. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wenye kuona mbali walikwisha kung'amua kwamba chungu kina sakafu. Ukatafutwa ufumbuzi wa namna 3 kwa wakati mmoja: kugawa anwani kwa vipimo vidogo zaidi kuanzia mwaka 1993, kubuni itifaki mpya yenye anwani nyingi zisizokaribia kwisha, na, mpaka hiyo itifaki mpya iwe tayari, kuajiri karani wa muda.

Barua ya ajira ya karani huyo imehifadhiwa. Ni hati namba 1631 ya mwezi Mei 1994, katika mfululizo wa hati za wahandisi wa intaneti, na waandishi wake ni Kjeld Egevang na Paul Francis. Wazo lao lilikuwa la kiungwana kwa wepesi wake: katika shirika lenye kompyuta nyingi, ni chache tu zinazosema na ulimwengu wa nje kwa wakati mmoja, basi kwa nini kila moja imiliki anwani ya pekee duniani, ilhali nyingi zinasema na jirani zao tu? Na zitumie ndani anwani zisizo na maana nje ya ukuta, na yule wa mlangoni abadilishe anwani wakati pakiti inapotoka na inaporudi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba waandishi wale hawakumsifu mwajiriwa wao. Waliandika waziwazi kwamba njia hii ina kasoro zinazoifanya isifae kuwa suluhisho la siku nyingi, na kwamba yamkini haifai hata kwa siku chache. Ni nadra kumwona mtu akipewa kazi kwa barua ya namna hiyo. Na ni nadra zaidi kumwona akidumu kazini zaidi ya miaka 30.

Kabla karani hajaanza kazi ilibidi vyumba vya ndani vipewe namba ambazo Posta ya dunia imekubali kutozitambua. Mwezi Machi 1994 hati moja ilitenga mafungu 3 kwa madhumuni hayo, na ikaandikwa upya mwezi Februari 1996 kwa namba 1918, ambayo hutajwa hata leo katika mazungumzo ya mafundi kama mahakimu wanavyotaja kifungu cha sheria. Fungu la kwanza huanzia 10.0.0.0 na lina anwani 16,777,216. La pili huanzia 172.16.0.0 na lina 1,048,576. La tatu, dogo, huanzia 192.168.0.0 na lina 65,536, na ndilo linalojulikana zaidi majumbani. Anwani hizi ni mubaha kwa kila mtu. Simu iliyoko Kariakoo na kompyuta iliyoko Toronto zinaweza zote kuitwa 192.168.1.7 kwa wakati mmoja pasipo ugomvi, kama vile chumba namba 7 kilivyomo katika kila nyumba ya wageni na hakuna msafiri aliyepata kupotea kwa sababu hiyo, maana hakuna anayempelekea mtu barua kwa kuandika chumba namba 7 tu.

Juu ya fungu lile la 10 kuna kisa kidogo ambacho sipendi kukipita. Namba 10 ndiyo iliyokuwa namba ya ARPANET wenyewe, mama wa mitandao yote. Mtandao huo ulipozimwa mwaka 1990 namba yake ikabaki bila ya mwenyewe, na hivyo jina la marehemu likagawiwa walio hai wote, kila nyumba ikalivaa kwa siri ndani ya ukuta wake. Wala mgawo huo haukupita bila ya mabishano. Mwezi Julai 1994 wahandisi 4 walitoa hati ya kupinga, wakadai kwamba kutumia namba 10 kwa namna hiyo kuna madhara, kwa kuwa kutavunja ile sifa ya kila anwani kuwa ya pekee duniani. Mmoja wao alikuwa Eliot Lear. Na mtu akifungua hati 1918 ya mwaka 1996, ile iliyothibitisha mgawo, atalikuta jina la Eliot Lear miongoni mwa waandishi wake. Mpinzani aliingia barazani, akasaidia kuandika sheria aliyoipinga ili iandikwe kwa hadhari, na mimi naona hilo ni tendo la uungwana.

Na tumtazame karani akiwa kazini. Chukueni simu ya mmoja wenu iliyounganishwa na mtandao wa ukumbi huu. Kile kijisanduku chenye taa za kijani kilichopachikwa ukutani, yaani ruta, kimeipa simu anwani ya faragha 192.168.1.7, nacho chenyewe, upande wake wa nje, kina anwani moja ya hadhara, ambayo mimi nitaiita 203.0.113.5, kwa kuwa namba hiyo imetengwa kwa mifano ya vitabuni na sitaki kumtaja mwenye nyumba asiyekuwapo. Mwenye simu anataka kusoma gazeti. Simu inaandika pakiti na kuweka juu yake mambo 4: anwani yake, namba ya poti, ambayo ni namba ndogo simu iliyojichagulia ili itambue jibu la ombi hili lisichanganyike na la ombi lile, tuseme 50112, anwani ya kompyuta ya gazeti, na poti ya huko, ambayo kwa kurasa zilizofungwa kwa siri ni 443.

Pakiti inafika mlangoni. Karani anaona kwamba anwani ya mtumaji haifai kutoka nje, kwa sababu jibu lingepelekwa kwa 192.168.1.7 na hakuna ajuaye ni ya nyumba gani. Basi anaifuta na kuandika 203.0.113.5, anaifuta na poti ile, anaweka nyingine aliyoichagua mwenyewe, tuseme 61003, anaandika katika daftari kwamba 61003 ni ya 192.168.1.7 poti 50112. Kisha, kwa kuwa kila pakiti hubeba hesabu ya kuhakikisha kwamba haikuharibiwa njiani, na hesabu hiyo hukusanya anwani pia, inamlazimu aipige upya, la sivyo pakiti itaonekana imechezewa na itatupwa. Simu ya jirani yake, 192.168.1.9, ikileta nayo ombi kwa poti 50112 ile ile kwa sadfa, karani hababaiki: anaipa 61004, anaandika mstari wa pili. Majibu yanaporudi, yote mawili yakiwa na anwani moja, 203.0.113.5, ile namba ya poti ndiyo Kumb. Na. inayomwonyesha nani apewe nini. Namba za poti zote ni 65,536, na kwa hiyo sanduku moja la posta huweza kuhudumia halaiki ya watu kabla daftari halijajaa. Haya yote, hadhirina, hufanyika mara maelfu katika sekunde, na msomaji wa gazeti hakupata hata kukohoa.

Nimemaliza sifa, sasa nije kwenye gharama. Nimetangulia kusema kwamba njia ilikusudiwa kusahau. Karani wa mlangoni ni mtu wa kati aliyelazimika kukumbuka, na kutokana na kumbukumbu yake hiyo, wala si kutokana na ubaya wowote wa tabia yake, hutoka karibu kila taabu inayonasibishwa naye.

Taabu ya kwanza ni kwamba kumbukumbu hujengwa na mwenye kutoka tu. Barua ikija kutoka nje pasipo kutanguliwa na barua iliyotoka ndani, haina Kumb. Na. ndani ya daftari, na karani, hata angekuwa na nia njema kiasi gani, hajui ampe nani, huitupa. Mwenye nyumba anaweza kumwachia agizo la kudumu, kwamba kila kijacho kwa poti fulani kipelekwe chumba fulani, lakini lazima ajue kutoa agizo hilo, na aghalabu hajui hata kwamba karani yupo. Hivi ndivyo intaneti, ambayo asili yake kila kompyuta ilikuwa na haki ya kuuliza na kuulizwa sawasawa, ilivyogawanyika ikawa na tabaka mbili: walio na anwani za hadhara, ambao huulizwa, na sisi wengine, ambao huuliza. Kijana wa Tanga mwenye kompyuta nzuri chumbani kwake, anayetaka kuweka humo magazeti ya kale ili watu wa mbali wayasome, hawezi kuifungua kompyuta hiyo kama babu yake alivyofungua duka barazani. Itampasa akapangishe nafasi katika seva ya mtu mwingine, mahali palipo na anwani. Sisemi kwamba hii ndiyo sababu pekee ya vitu vyetu vyote kuhifadhiwa katika maghala ya wakubwa wachache. Nasema kwamba mlango usiofunguka kutoka nje ni mojawapo ya sababu hizo.

Taabu ya pili ni ya watu wawili ambao wote wako nyuma ya masjala. Mama yuko Unguja, mwanawe yuko Maskati, nao wanataka kusikiana sauti. Kila mmoja anaweza kutoka, na hakuna anayeweza kuingiwa. Wahandisi walihangaika na fumbo hili, wakapata hila ambayo ilipewa maandishi rasmi mwaka 2003: kila simu kwanza huipelekea salamu kompyuta ya tatu iliyoko hadharani na kuiuliza, huko uliko unaniona kwa anwani ipi na poti ipi? Ikiisha kujibiwa, hupeleka habari hiyo kwa mwenzake. Kisha wote wawili hutuma pakiti kwa wakati mmoja, kila mmoja akielekea mlango wa mwenzake, na kwa kuwa kila mmoja ametoka, kila karani ameandika mstari, na pakiti ya mgeni inapofika huonekana kama ni jibu la barua iliyotangulia. Makarani wote wawili wamedanganywa kwa heri. Lakini wako makarani wakali, ambao humpa mwenye kutoka namba mpya kwa kila mtu anayesema naye, na mbele yao hila hii huvunjika. Hapo hubaki kumtumia dalali aliyeketi katikati, ambaye hupokea maneno ya mama na kuyapitisha kwa mwana, na kila neno linalipa safari ya kwenda kwa dalali kwanza.

Taabu ya tatu ni ya wale wanaoandika anwani yao ndani ya barua, si juu ya bahasha tu. Itifaki ya zamani ya kupelekeana mafaili hufanya hivyo, na itifaki za kuanzisha simu za sauti hufanya hivyo pia. Karani hubadilisha bahasha, anayepokea hufungua barua na kukuta ameambiwa ajibu kwa 192.168.1.7, anwani ambayo kwake haina maana au, kwa ubaya zaidi, ni ya mashine ya kupigia chapa iliyoko chumbani mwake mwenyewe. Ikawa karani afundishwe kufungua barua na kusahihisha yaliyomo, jambo ambalo karani mwema wa masjala angelionea haya. Na kuna namna ya muhuri wa usalama ambayo huifunga hata anwani iliyo juu ya bahasha, ili asiyehusika asiibadilishe. Muhuri huo haupatani kabisa na masjala, kwa kuwa hauwezi kumtofautisha karani mwaminifu na mghushi.

Taabu ya nne ni ya muda. Daftari haliwezi kukua milele, na kwa hiyo mstari usiotumika hufutwa. Wahandisi walipendekeza mwaka 2007 kwamba kwa mazungumzo mepesi, yasiyo na utaratibu wa kufungua na kufunga, mstari usifutwe kabla ya dakika 2, na mwaka 2008 kwamba kwa mazungumzo yaliyofungwa mkataba wa pande mbili usifutwe kabla ya saa 2 na dakika 4. Lakini makarani wengi hawana subira hiyo. Ndiyo maana simu iliyolala mfukoni mwako, hata ikiwa hukuigusa, huamka mara kwa mara na kupeleka pakiti tupu, kama mgonjwa anayekohoa gizani ili wauguzi wajue angali macho. Na kila kikohozi kinakula chembe ya betri.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, na sababu yake ni ya tarehe. Nyaya kubwa za baharini zilitufikia kwa kuchelewa: ule wa SEACOM ulifunguliwa mwezi Julai 2009, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, mwaka huo huo ukaja ule wa TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Tarehe 3 Februari 2011, wakati bahari yetu ilikuwa ndiyo kwanza imetutumikia, ghala kuu ya anwani za dunia ilitoa mafungu yake 5 ya mwisho, moja kwa kila msajili wa kanda, na ikafungwa. Msajili wa Afrika, AFRINIC, mwenye makao Mauritius, alibana matumizi akadumu na akiba baada ya baadhi ya wenzake kuishiwa; naye mwezi Januari 2020 aliingia daraja la pili la kubana, ambalo chini yake mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Pimeni anwani 1,024 kwa kampuni ya simu yenye wateja mamilioni.

Jibu la kampuni za simu, hapa na kwingine duniani, lilikuwa kuweka masjala juu ya masjala. Karani wa nyumba anabaki mahali pake, lakini ile anwani anayodhani ni ya hadhara nayo ni ya faragha, na mbele yake yuko karani mkuu wa kampuni, mwenye daftari kubwa mno, anayewatia wateja wengi katika anwani moja ya kweli. Mwezi Aprili 2012 zilitengwa anwani 4,194,304, kuanzia 100.64.0.0, mahsusi kwa ujia huo ulio kati ya makarani wawili. Matokeo yake humfika mtu asiyejua sababu. Mimi mwenyewe nimepata kufungiwa mlango na tovuti moja iliyoniambia kwamba kutoka kwenye anwani yangu yametoka maombi mengi mno ya ulaghai; nami wakati huo nilikuwa naanza tu kufungua ukurasa. Mlaghai alikuwa mtu mwingine tuliyegawana naye sanduku la posta, nami nikabeba dhambi yake kama mpangaji anavyobeba sifa ya nyumba. Kwa upande wa pili, mpelelezi mwenye haki, akiwa na anwani peke yake, hana mtu mkononi, ana mtaa. Na kwa sababu hiyo wenye seva walishauriwa tangu mwaka 2011 kwamba waandike pia namba ya poti na saa sahihi, kwa kuwa pasipo Kumb. Na. hata karani mkuu hawezi kusema barua ilitoka chumba kipi.

Kuna watu watakaoniambia: lakini karani huyu anatulinda, maana wageni wabaya hawaingii. Nawajibu kwamba mlinzi na mtu asiyejua ampeleke mgeni wapi ni watu wawili, ijapokuwa kwa mbali wote wanaonekana wamesimama mlangoni. Mlinzi, yaani ile programu ya kuchuja pakiti, hukataa kwa sheria; karani hukataa kwa kukosa mstari. Na mwizi aliyekaribishwa ndani kwa barua pepe ya hadaa, karani humfungulia njia ya kutoka kwa adabu zote, humpa na Kumb. Na. yake. Mlinzi anaweza kuajiriwa peke yake, bila ya masjala, na nyumba ikawa salama vile vile.

Kwani ile itifaki mpya, ambayo karani aliajiriwa kuisubiri, haikukosa kuja. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1995, ikarekebishwa mwaka 1998, na ikapandishwa daraja kuwa kanuni kamili mwezi Julai 2017. Huitwa toleo la 6, na anwani yake ina biti 128, hata idadi ya anwani zake inaandikwa kwa tarakimu 39, na kila simu, kila taa na kila pampu ya maji inaweza kupewa anwani yake ya pekee na bado ghala isionekane imeguswa. Tarehe 6 Juni 2012 kampuni kubwa za dunia ziliiwasha kwa pamoja na kuahidi kutoizima. Iliyochelewa ni haja ya kuihamia. Na aliyeichelewesha haja hiyo, bila ya kukusudia, ni karani wetu mwenyewe kwa uhodari wake. Aliizuia njaa isiume vya kutosha kumwamsha mwenye shamba. Kila mwaka mkuu wa idara aliuliza kama ni lazima kujenga ofisi mpya, na kila mwaka aliambiwa kwamba masjala bado inamudu.

Hadhirina, simdharau mtu huyu. Pasipo yeye, mamilioni ya watu wa pwani na bara walionunua simu zao baada ya ghala kufungwa wasingepata hata sehemu ndogo ya intaneti wanayoitumia leo, na mimi nisingekuwa na jambo la kuwahutubieni. Lakini tuwe wakweli juu ya masharti ya kazi yake: aliajiriwa kwa muda, na waliomwajiri waliandika kwamba ni kwa muda. Mafundi mlio humu, mnaojenga mitandao ya shule, hospitali na kampuni, kila mnapounganisha nyumba mpya wekeni na toleo la 6 tangu siku ya kwanza, likae bega kwa bega na la zamani, pamoja na mlinzi wake. Na ninyi wanunuzi, mnapotia sahihi mkataba na kampuni ya mtandao, ulizeni kama toleo hilo limo, kwa maana mfanyabiashara haweki dukani kitu asichoulizwa. Kidogo kidogo mistari ya daftari itapungua, siku itafika ambayo karani atafunua ukurasa na kuukuta mweupe, na siku hiyo itatupasa tusimame, tumshukuru kwa miaka yote aliyotumika bila ya kuthibitishwa kazini, na tumpe kiinua mgongo chake.